Uume kusimama bila kulala ukiwa kwenye dawa za saikosisi

Ndugu uliyeuliza kama upuuze jambo hili, kwamba tangu uanze risperidoni, dawa ya saikosisi (ugonjwa wa akili unaomfanya mtu aone, asikie au aamini yasiyokuwepo), uume husimama usiku kwa muda wa saa 2 bila hamu yoyote na kisha hulala wenyewe: usilipuuze, lakini pia usiiache dawa ghafla. Mimi nilianza hivyo hivyo.

Madhara tunayoonywa kwa kawaida ni kupungua kwa hamu na nguvu za kiume, hasa homoni ya prolaktini inapopanda. Hili letu ni nadra na lina njia yake. Ili uume ulale, mishipa yake ya damu hupokea amri ya kusinyaa kupitia vipokezi vya alfa-1 (sehemu za seli zinazopokea amri hiyo), na dawa nyingi za saikosisi, kuanzia klopromazini ya miaka ya 1950 hadi risperidoni, kwetiapini na klozapini, huviziba vipokezi hivyo. Damu huingia ikakosa pa kutokea, ikaishiwa oksijeni, na misuli ya ndani huanza kuharibika. Ndiyo sababu uume ukisimama kwa zaidi ya muda wa saa 4 ni dharura, hata kama ni usiku wa manane.

Mimi nilingoja kwa muda wa saa 9. Nilioga maji baridi, nikapanda na kushuka ngazi, nikameza dawa ya maumivu, yote hayo kwa aibu tu. Shina lilikuwa gumu na linauma ilhali kichwa kilikuwa laini. Daktari wa zamu hata hakushangaa: alinipiga ganzi, akavuta kwa bomba la sindano damu nzito iliyokaribia kuwa nyeusi, kisha akaingiza fenilefrini, dawa ya kusinyaza mishipa ya damu, kidogo kidogo huku muuguzi akinipima presha, mpaka damu ikaanza kutoka nyekundu.

Mweleze daktari wako wa akili wiki hii, kwa maneno yasiyo na mafumbo, na umtajie kama una selimundu au unatumia trazodoni (dawa ya sonona), dawa ya tezi dume au ya kuongeza nguvu za kiume, kwani hizo huongeza hatari. Wangu alinihamisha taratibu kwenda amisulpiridi, dawa nyingine ya saikosisi ambayo karibu haivigusi vipokezi vya alfa-1. Tatizo halijarudi. Prolaktini, hata hivyo, imepanda na hamu imepungua, nasi bado tunajadiliana kuhusu kipimo cha dawa.