Uliza Fundi: Mbona programu ikizimwa inaondoka na data zangu?

SWALI: Habari za kazi fundi. Mi niko Mwanza, nina skripti ya Python inakaa kwenye seva saa zote, kazi yake kupokea taarifa za malipo ya ada na kuziandika kwenye faili. Nimegawa thredi mbili, yaani njia mbili za kazi zinazokwenda pamoja ndani ya programu moja, moja inapokea inatupia kwenye foleni, nyingine inachukua inaandika. Sasa kila nikiweka kodi mpya nikaristati, malipo kadhaa ya mwisho hayaonekani, na kuna siku ikiwashwa inagoma kabisa inasema "tayari inaendeshwa" mpaka niingie nifute kwa mkono lile faili la loku, la kuzuia programu isiwashwe mara mbili. Try na finally nimeweka, atexit nimeweka, ili isafishe kabla ya kutoka, thredi zote nimezipa daemon=True maana bila hivyo programu haikubali kufa. Kwenye laptop haina shida kabisa. Tatizo liko wapi?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Umetaja laptop, na jibu limejificha hapohapo. Kwenye laptop unazima kwa Ctrl+C, ile inatuma SIGINT, signali namba 2 (signali ni ujumbe mfupi ambao mfumo unaipa programu), na Python yenyewe inaigeuza kuwa KeyboardInterrupt, yaani eksepsheni, hitilafu inayoweza kudakwa ndani ya kodi, kama eksepsheni nyingine, kwaiyo finally inapita na atexit inapita na wewe unaona mambo safi. Kwenye seva nani anabonyeza Ctrl+C? Pale systemctl stop, amri ya kusimamisha huduma za seva, inatuma SIGTERM, namba 15, hata kill ya kawaida inatuma hiyohiyo, na hii Python haijaiwekea utaratibu wowote, inaachia Linux ifanye inavyojua, na Linux inachojua ni kuua prosesi palepale. Finally haiguswi, atexit haiguswi, loku inabaki imekaa kwenye diski, na vile vilivyokuwa bado kwenye bafa ya faili, pale data inaposubiri kuandikwa diskini, vinaondoka na memori.

Kwaiyo kwanza iambie programu yako ishike SIGTERM, kwa signal.signal, ukiipa fankisheni ya kuitwa signali ikifika, na hii signal.signal lazima uiite kwenye thredi kuu, ukiiita kwenye thredi nyingine Python inakurushia ValueError. Ndani ya hiyo fankisheni usifanye kazi yoyote ya maana. Naona watu wanafunga databesi mle, wanaandika logi, wanafuta mafaili, hapana, signali inaweza kukukuta katikati ya jambo lolote, hata katikati ya kuandika faili lilelile unalotaka kulifunga. Weka variabo moja tu kama bendera, zima = True, basi, toka. Kazi ya kufunga ifanywe na kodi ya kawaida ikishaiona hiyo bendera.

Na hapa ndo wengi wanakwama, bendera imepanda ila hakuna anayeiangalia! Tangu Python 3.5, sleep au recv (ile ya kusubiri data ya mtandao) ikikatizwa na signali, fankisheni yako ya signali ikimaliza bila kurusha eksepsheni, inarudi kuendelea kusubiri palepale ilipoishia. Ukiwa na sleep ya saa nzima utaisubiri hiyo saa nzima. Weka taimauti ya sekunde moja kwenye kupokea, kila ikizunguka iangalie bendera. Mi ningekushauri upokeaji wenyewe uuhamishie thredi kuu, ile ya pili ibaki na kuandika tu.

Halafu hizo daemon=True zitoe. Thredi ya daemon Python haiisubiri, programu kuu ikiisha yenyewe inakatwa popote ilipo, hata nusu ya mstari. Iligoma kufa kwa sababu thredi ya kuandika imekaa kwenye foleni.get() inasubiri mzigo ambao hauji tena. Dawa yake, thredi kuu ikishaacha kupokea iweke None kwenye foleni kama mzigo wa mwisho, mwandishi akikutana na None anajua hakuna kingine nyuma yake, anafanya flush na os.fsync ili vilivyobaki vifike diskini, anafunga faili, anatoka, na thredi kuu inamsubiri kwa join. Mpangilio ni huo, funga mlango wa kuingilia kwanza, maliza foleni, ndo ufunge faili. Ukianza na faili umeharibu.

Usijivute sana lakini. systemd, ile inayosimamia huduma za seva, kama hujabadilisha kitu inasubiri sekunde 90, zikiisha inatuma SIGKILL, namba 9, na hiyo hakuna programu inayoweza kuishika wala kuikataa. Ndo maana wale wenye mazoea ya kupiga kill -9 kabla hata ya kujaribu kill ya kawaida mi huwa siwaelewi.

Na umeme ukikatika je? Hapo hakuna signali ya 15 wala ya 9, kwaiyo usitegemee kuaga vizuri peke yake. Loku, achana na faili la kuunda na kufuta, tumia fcntl.flock, prosesi ikifa kwa namna yoyote ile kerneli, yaani kiini cha Linux, inaiachia loku yenyewe, faili likibaki halina madhara. Malipo, kwa kweli ningeyapeleka kwenye SQLite, databesi ndogo ya faili moja, transakisheni ikikatwa katikati inarudishwa nyuma ukifungua tena. La muhimu kuliko yote, usimjibu aliyekutumia "nimepokea" mpaka rekodi iwe imeshakaa kwenye diski. Kama mfumo wake una kawaida ya kurudia kutuma asipojibiwa, hupotezi kitu, ila uweke namba ya muamala iwe ya kipekee kwenye jedwali usije ukamhesabia mzazi ada mara mbili.

SWALI: Fundi shikamoo. Niko Mombasa, programu yetu iko kwenye kontena ya Docker, ule mfumo wa kuendesha programu ikiwa imefungashwa peke yake, na SIGTERM tunaishika vizuri, nimejaribu nje ya kontena inafunga mara moja. Lakini docker stop inakaa sekunde 10 kila mara, kisha naona kodi ya kutoka ni 137. Kwani 137 ni nini?

JIBU: Marahaba. Ni 128 jumlisha 9, yaani imeuawa kwa SIGKILL. Ingekufa kwa SIGTERM ungeona 143. Zile sekunde 10 ndo muda ambao Docker inasubiri kabla ya kuua, Kubernetes, mfumo wa kusimamia kontena nyingi, yenyewe inatoa 30. Angalia CMD yako, ile amri ya kuanzisha programu, kwenye Dockerfile, nadhani umeandika maneno matupu bila mabano ya mraba, ukiandika hivyo inapitia /bin/sh -c, na mara nyingi sh ndo inakuwa prosesi namba 1, inapokea signali na haimpelekei mtoto wake. Programu yako wala haijui kama imeitwa. Andika kwa mabano ya mraba, na kama una skripti ya kuanzishia, mstari wa mwisho uanze na exec, ili programu ichukue nafasi ya sh. Na ujue prosesi namba 1 kerneli inaidekeza, signali ambayo haijawekewa utaratibu haiiui kama inavyoua zingine, ndo maana watu huongeza --init kwenye docker run, inayoweka prosesi ndogo ya kupitisha signali kwa programu yako.

SWALI: Mi ni mwanafunzi nasoma Java, Thread.stop() inanikatalia, nifanyeje kuua thredi?

JIBU: Usiiue. Hiyo stop watu walishashauriwa wasiitumie tangu JDK 1.2, toleo la Java la mwaka 1998, maana ilikuwa inaachia loku zote, zile za kuzuia thredi mbili zisiguse data moja kwa pamoja, huku data ikiwa imebadilishwa nusu, na kuanzia Java 20 ya mwaka 2023 ukiiita inarusha UnsupportedOperationException, bila shaka ndo unayoiona. Tumia interrupt(), inayoiomba thredi iache kazi, na kule ndani ya thredi ukidaka InterruptedException usiiache kwenye catch tupu, safisha vyako kisha toka kwenye lupu, na kama hiyo kodi si yako ya kuamua kutoka basi iite Thread.currentThread().interrupt() ili aliye juu yako naye ajue.