Mashine za kupima gari za bei poa: mbili nilizojuta, moja niliyobaki nayo

Niseme ukweli mapema, mimi sio fundi. Ni mtu tu napenda kufungua boneti mwenyewe, nina boksi la spana, jeki, na ubishi. Kwa muda mrefu taa ya cheki injini ikiwaka nilikuwa napeleka gari kwa fundi, anachomeka mashine, dakika mbili anasoma kitu kwenye kioo, ananiambia "sensa hiyo bosi", nalipa ya kupima, nalipa ya sensa, nalipa ya kufunga, wiki mbili baadaye taa hiyoo imerudi. Ndio nikasema sasa basi, nanunua mashine yangu. Nikaliwa hela mara mbili kabla akili haijakaa sawa.

Ya kwanza kilikuwa kile kidude kidogo cha Bluetooth kilichoandikwa ELM327, unakichomeka kwenye gari unasoma kwenye apu ya simu, nilichagua cha bei ya chini kuliko vyote. Kikikamata leo kesho kinagoma, nikifungua vitu vitatu kwa pamoja kinaganda. Ya pili nikaenda upande mwingine kabisa, mashine ya mkononi yenye waya na kioo cha rangi, boksi limejaa majina ya magari, nikaona hii sasa ndio ya kiume. Kumbe inasoma kodi, yaani zile namba za kosa ambazo gari inazihifadhi, na kuzifuta basi. Namba tupu. Haionyeshi data laivu hata moja, yaani vipimo vya injini wakati huohuo inafanya kazi, na kodi bila data laivu ni kama kuambiwa mtoto analia, hujaambiwa ana njaa au ana homa.

Kwa hiyo ushauri wangu unaanza kabla ya mashine: ijue gari yako kwanza. Angalia chini ya dashibodi upande wa dereva, utakuta soketi ya pini 16 yenye umbo kama kisahani, juu pana chini pembamba. Hiyo ndio OBD2, mahali mashine inapoongea na kompyuta ya gari. Magari yaliyouzwa Marekani yalilazimishwa kuwa nayo kuanzia modeli za 1996, Ulaya ilikuwa 2001 kwa petroli na 2004 kwa dizeli. Balaa liko kwenye magari ya zamani kidogo yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani, soketi ni ileile kabisa, unachomeka inaingia vizuri, ila gari haiongei lugha ya OBD2, na watu wengi wanalaumu mashine bure. Baadhi ya apu zina sehemu ya kuchagua profaili ya gari kama hizo, jaribu hapo kabla hujatupa kitu. Na ukimulika tochi ndani ya soketi utaona pini zipi zina chuma: ya 6 na 14 ni za CAN, lugha ambayo magari mengi ya sasa wanatumia, ya 7 ni ya K-line, lugha ya magari ya nyuma kidogo. Hii inasaidia kwa sababu vidude vingine vya bei ya chini havisomi lugha zote hata kama boksi limeandika vinasoma.

Sasa hili jina ELM327 linachanganya watu. Lilikuwa jina la chipu ya kampuni moja ya Kanada, Elm Electronics. Toleo la mwanzo halikufungwa dhidi ya kunakiliwa, watu wakalikopi, kopi zikakopiwa, kampuni yenyewe ikafunga biashara 2022, ila jina bado linabandikwa kwenye kila kidude. Usidanganyike na namba ya toleo, ukiona 1.5 au 2.1 haikwambii chochote, mimi kile changu kibovu kilikuwa kinajiita 2.1 na amri nyingi kilikuwa hakizijui. Sio kwamba kopi zote ni mbaya, ziko zinazopiga kazi miaka. Lakini chukua ile ya juu kidogo ya bei ya mwisho, yenye jina la mtengenezaji, na uinunue mahali unapoweza kurudisha. Kama mfuko unaruhusu, vidude vya OBDLink vinatumia chipu tofauti na vina kasi, ila kwa mtu anayepima gari mara moja kwa mwezi sioni kama ni lazima.

Wenye iPhone msikilize hapa, kidude cha Bluetooth ya kawaida hakitakubali kwenye simu yenu, chukueni cha Wi-Fi au chenye Bluetooth LE. Wenye Android vyote vitakwenda. Cha Wi-Fi kina usumbufu mmoja, ukishaunganisha simu mara nyingi inakosa intaneti, kwa hiyo huwezi kutafuta maana ya kodi hapohapo. Kero ndogo, ila ukiwa umelala chini ya usukani shingo imepinda unaikumbuka.

Apu: Torque, Car Scanner, OBD Fusion, hizo ndio nimezitumia. Anza na ya bure uone kama kidude kinakamata, ndio ulipie. Kulipia apu ndio hela niliyoitumia vizuri kuliko zote katika safari hii yote, na sikutarajia.

Haya, tuje kwenye kitu chenyewe, data laivu. Gari yangu ilileta P0171, maana yake mchanganyiko una hewa nyingi mno na petroli kidogo. Mimi na kile kimashine changu cha namba tupu nikasoma, nikaingia mtandaoni, mtu mmoja akasema kwake ilikuwa sensa ya oksijeni, nikanunua sensa ya oksijeni. Kufungua ile ya zamani nusura nimalize ngozi ya vidole. Nikafunga mpya, nikafuta kodi, siku nne, P0171.

Nilipopata kidude cha tatu nikafungua vitu viwili tu, fyueli trimu ya muda mfupi na ya muda mrefu. Hizi ni asilimia zinazoonyesha kompyuta inaongeza au kupunguza petroli kiasi gani ili mambo yakae sawa. Zikicheza karibu na sifuri, hata kufika 5 juu au chini, hakuna shida, zikipita 10 anza kuuliza maswali. Yangu gari ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, ile ya muda mrefu ilikuwa 18 juu. Nikamwambia kijana wangu akanyage mafuta taratibu mpaka mzunguko 2500 ashikilie hapo, nikaziangalia zote mbili, jumla ikashuka mpaka 4. Hapo jibu limeshatoka lenyewe. Kuna upepo unaingia pembeni, bila kupita kwenye sensa ya kupima hewa. Sailensa injini inavuta hewa kidogo, kwa hiyo huo wa wizi unaonekana mwingi, ukikanyaga injini inavuta hewa nyingi na ule wa wizi unakuwa si kitu. Ingekuwa pampu ya mafuta imechoka ingekuwa kinyume, ungekanyaga namba zingepanda. Nikaanza kupapasa mipira yote, nikaukuta mpira wa PCV, ule unaorudisha mvuke wa ndani ya injini ukaungue tena, umepasuka upande wa chini ambao huuoni ukisimama mbele ya gari. Ule mpira ulikuwa bei ya chini mara nyingi kuliko sensa, nikaufunga dakika kumi na ile sensa ya oksijeni ya zamani mpaka leo ipo kwenye boksi langu, nzima.

Kwa hiyo kodi inataja mlango, haitaji mwizi. P0420 ni hivyohivyo, inasema katalaiza, kile kisafisha moshi kwenye ekzosi, haifanyi kazi inavyotakiwa, mtu anakimbilia kubadilisha masega yake ya ndani ambayo ni hela ya maana, wakati ekzosi inaweza kuwa inavuja kabla ya sensa, au injini inamisi, yaani silinda inakosa kuchoma petroli, muda mrefu ikaiharibu katalaiza, na usipotibu hiyo misi hata masega mapya utayaua. P0301 inamaanisha silinda ya kwanza inamisi, hapo usinunue kitu, hamisha koili (inayopeleka umeme kwenye plagi) ya silinda ya kwanza upeleke ya pili, futa kodi, endesha. Ikirudi P0302 koili ndio mbaya. Ikirudi P0301 angalia plagi, kisha injekta. Bure kabisa hiyo. Na taa ya cheki injini ikiwa inawaka na kuzima-kuzima sio ya kupima kesho, ni petroli isiyoungua inaingia kwenye katalaiza sasa hivi, toa mguu kwenye mafuta, tafuta pa kusimama.

Kabla hujafuta kodi piga picha kioo. Gari inahifadhi hali ya injini wakati kosa lilipotokea, moto ulikuwa kiasi gani, mwendo, mzunguko, zile fyueli trimu. Ukibonyeza kufuta vyote vinaondoka. Mimi nilifuta kama mara kumi hivi kabla sijajua kuna kitu hicho.

Kuna kosa jingine la kijinga nilifanya, niliacha kidude kwenye soketi wiki nzima nikasafiri. Pini ya 16 inapata umeme moja kwa moja kutoka betri hata ukizima swichi na kutoa funguo. Narudi, gari hata kufungua milango kwa rimoti haitaki. Chomoa ukimaliza.

Pia kuna vile vidude vinavyochomekwa soketi hiyohiyo eti vinapunguza matumizi ya mafuta. Mimi nilifungua kimoja cha jamaa yangu, ndani kuna taa za kumeta na vidude vya kuziwasha tu. Tuendelee.

Ambacho cha bei poa hakitakufanyia: taa ya ABS, ya eabegi, mara nyingi na ya gia. OBD2 ya lazima inahusu injini na moshi, hayo mengine kila kampuni ina siri zake. Hapa kabla hujanunua mashine kubwa ya kusoma kila kitu, angalia kama kuna programu ya aina ya gari yako tu. Ford na Mazda kuna FORScan, Volkswagen na ndugu zake wana VCDS, Toyota ni Techstream. FORScan inatumia kidude kama hivihivi, ila Ford nyingi zina mitandao miwili ya kompyuta ndani kwa hiyo tafuta chenye uwezo wa kubadili kutoka mmoja kwenda mwingine. Programu za wizi kwenye sidii za kupeana zinakuja na virusi mara kwa mara, usiweke kwenye laptopu unayofanyia mambo ya benki. Na ukipata mashine kubwa iliyotumika, kabla ya kutoa hela iwashe, chomeka kwenye gari mbele ya muuzaji, uliza kama apdeti zinalipiwa kila mwaka na kama zikiisha inaendelea kufanya kazi au inajifunga. Ziko zinazojifunga.

Kitu kimoja ambacho sikukitarajia ni kununua gari. Kwenye apu kuna sehemu inayoonyesha majaribio ya ndani, yaani gari inavyojipima yenyewe, yamekamilika au bado. Mtu akifuta kodi, au, kwa magari mengi, akitoa betri, majaribio mengi yanarudi "bado", na yanahitaji siku kadhaa za kuendesha kukamilika. Juzi nilimsindikiza rafiki kuangalia gari, imeoshwa mpaka injini inang'aa, dashibodi hakuna taa hata moja. Nachomeka, majaribio yote bado. Namuuliza mwenye gari taratibu tu, akasema aah, jana tulibadilisha betri. Betri ilikuwa pale mbele yetu, kitu pekee ambacho hawakukiosha, ina vumbi na ukoko mweupe kwenye vichwa.