Kwa nini Eminem analalamika kwenye The Way I Am

Mkuu, unauliza rapa Eminem analalamikia nini kwenye wimbo wake The Way I Am wakati umaarufu aliutafuta mwenyewe. Angalia mwaka kwanza: 2000. Mwaka mmoja nyuma ngoma yake My Name Is ilikuwa imempaisha ghafla, na lebo (kampuni inayotoa muziki wake) ilitaka nyingine ya namna ile, ya vichekesho na ya kuuzika redioni. Akawapelekea hii, kinyume kabisa: kinanda kinachojirudia, kengele kama za msibani, na biti kaipika mwenyewe. The Real Slim Shady, ile waliyokuwa wanaililia, aliiandika baadaye.

Mimi hunigusa pale kwenye mashabiki. Watu husema anawatukana, lakini sikiliza vizuri, anasema wazi kwamba anawashukuru. Anachokataa ni kufuatwa hadi chooni, au mtu kumvamia mezani akimlisha binti yake. Kununua CD si kumnunua mtu na familia yake, au siyo?

Halafu kuna mistari ya mauaji ya shuleni (ilikuwa mwaka mmoja tu baada ya wanafunzi wawili kuua wenzao kwa risasi katika shule ya Columbine, Marekani) na jinsi lawama zilivyomwangukia mwanamuziki wa roki Marilyn Manson. Hapo analalamika pia kwamba wakubwa walishtuka baada ya risasi kufika mitaa ya wenye nacho. Manson mwenyewe yumo kwenye video.

Kiitikio nacho kina deni kwa rapa mkongwe Rakim, ila hiyo ni mada ya siku nyingine.