Akitopu la zamani: nunua shingo, jina litajijua

Mtu akiliona gitaa langu kubwa lenye matundu mawili ya fidla kifuani, swali la kwanza huwa bei, la pili jina. Shingo hakuna anayeiulizia. Ndiyo maana watu wananunua magitaa haya mtandaoni wakiwa Kampala au Mbarara, wanalipia ndege mpaka Entebbe, kisha wanaanza kuhangaika kutafuta fundi.

Gitaa ninalolisema ni akitopu. Uso wake umebinuka, daraja, yaani kipande kinachobeba nyuzi, halikugundishwa bali limekaa tu likibanwa na mkazo wa nyuzi, na nyuzi zenyewe zinaishia kwenye chuma kilichofungwa mkiani. Kampuni ya Gibson ya Marekani walitoa gitaa la L-5 mwaka 1922, wakati mhandisi wa sauti Lloyd Loar yuko nao, na matundu ya fidla wakayaleta na gitaa hilo. Mwaka 1936 wakatoa ES-150 lenye pikapu, kile kifaa cha kunasa mtetemo wa nyuzi kwa umeme, na mpiga gitaa Charlie Christian alipoingia bendi ya jazi ya Benny Goodman mwaka 1939, wengi wakasikia kwa mara ya kwanza gitaa likipiga solo bila kumezwa na saksafoni na tarumbeta. ES-175 likafuata mwaka 1949. Hayo tuyaheshimu kwa mbali. L-5 lenye saini ya Loar linakwenda kwa makumi ya maelfu ya dola, na ES-175 la miaka ya 1950 ni maelfu. Mwenye pesa hiyo hapa kwetu ananunua kiwanja kwanza, na mimi simlaumu.

Mpigaji wa kawaida atazame Ujerumani na Chicago. Höfner na Framus walitengeneza magitaa mengi ya mbinuko miaka ya 1950 na 1960, na ya Höfner yaliingia kwa wingi Uingereza kupitia Selmer wa London, kwa hiyo ukiwa na ndugu huko umeshapata pa kuanzia. Harmony na Kay wa Chicago ndio waliojaza soko la bei ya chini Marekani. Humo mna magitaa mazuri, na mna mengine ambayo zile nakshi za mti unazozipenda kwenye picha zimepakwa kwa rangi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sasa shingo. Langu ni Höfner Senator la miaka ya 1950, lisilo na chuma cha kurekebisha shingoni. Shingo ya namna hiyo ikishapinda huna skrubu ya kuikaza. Kabla sijalipa nilimwomba muuzaji picha tatu, na ndizo ninazomshauri kila mtu aombe. Ya kwanza, gitaa limelazwa ubavu, daraja lionekane lote. Daraja la akitopu lina magurudumu mawili madogo ya kulipandisha na kulishusha. Ukiona limeshushwa mpaka mwisho na bado nyuzi ziko juu, shingo imeng'oka pembe yake, na kazi ya kuifungua na kuirudisha inaweza kuzidi bei ya gitaa lenyewe. Ya pili, rula ya milimita imesimamishwa kwenye freti ya 12, freti zikiwa vile vyuma vyembamba vilivyopangwa shingoni. Kati ya freti na uzi mnene nafasi ya milimita 2 hadi 2.5 inapigika, ikifika 4, piga hesabu upya. Ya tatu, pale kisigino cha shingo kinapokutana na mwili. Mwanya wa kupita karatasi hapo ni habari mbaya, hata muuzaji akikuapia kwamba limekuwa hivyo tangu zamani.

Muuzaji anayekataa picha hizo amekwisha kukujibu.

Ukilipata mkononi, washa tochi ya simu uchungulie ndani ya tundu. Tazama kwanza ukingo wa tundu lenyewe: mistari ya mti ikishuka moja kwa moja kutoka juu hadi chini ya unene, huo ni ubao mmoja, ukiona matabaka, ni plaiwudi. Plaiwudi si aibu. ES-175 lenyewe ni la matabaka, na ukipiga kwenye baa yenye spika kubwa utashukuru, maana uso wa ubao mmoja hupokea sauti ya spika na kuanza kuvuma kabla hujamaliza wimbo wa kwanza. Gonga mgongo kwa kidole taratibu, ukisikiliza kitu kinachotikisika. Mara nyingi ni ubao wa ndani ulioachia gundi. Tafuta pia vitundu vidogo na unga wa bungua. Na kile kibamba cha plastiki cha kuzuia mikwaruzo, kama ni seluloidi ya zamani iliyoanza kupasuka na kutoa harufu kali, kiondoe ukiweke mbali. Mvuke wake hula freti na vyuma vyote vilivyo karibu, na kwenye sanduku lililofungwa hula haraka zaidi.

Kuhusu mafundi, nina msimamo mkali. Seremala hodari wa makabati si fundi wa gitaa. Magitaa haya yaligundishwa kwa gundi ya ngozi, ambayo huachia kwa joto na mvuke, ndiyo maana yanafunguka na kufungika tena miaka na miaka. Mtu akiingiza gundi nyeupe ya mbao au ile ya kuchanganya chupa mbili, fundi atakayefuata atavunja ili afungue. Mimi namwendea mzee mmoja Mkongomani, mpigaji wa zamani wa rumba. Siku nilipompelekea gitaa hili nilikuwa na haraka.

"Papa, tushushe daraja leo?"

"Hapana, mwanangu. Limetoka kwenye baridi. Liache lizoee nyumba kwanza, ndiyo tutajua shida yake."

Alikuwa sahihi. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, mti hunywa unyevu, uso ukainuka na nyuzi zikapanda. Kiangazi kikirudi, zinashuka. Hapo unazungusha magurudumu kidogo tu, basi. Ila usiliache ndani ya gari saa saba mchana. Gundi ile ile inayomrahisishia fundi kazi italainika yenyewe.

Daraja likisogea usiogope. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kukandamiza, usikie ile sauti nyembamba ya juu, kisha kandamiza hapo hapo. Sauti ya kukandamiza ikiwa juu zaidi, sogeza daraja kuelekea mkiani. Ikiwa chini, lirudishe kuelekea shingoni. Ukishapata, weka alama ndogo ya penseli laini, na siku ya kubadilisha nyuzi toa mmoja mmoja. Ukizitoa zote kwa mpigo, daraja linadondoka na unaanza upya.

Nyuzi zenyewe ni shida ya mji huu, kwa sababu madukani utapata zaidi namba 9 na 10, namba zikihesabu unene wa uzi mwembamba kuliko wote. Akitopu linataka kuanzia 11 au 12, na uzi wa tatu uwe umezungushiwa waya, maana madaraja mengi ya zamani yamechongwa kwa uzi huo. Nyuzi laini zilizozungushiwa waya wa bapa ndizo zinazotoa sauti ile nzito, ya mviringo, ya jazi. Mimi huagiza kwa watu wanaosafiri, seti kadhaa kwa wakati mmoja.

Forodhani, weka risiti ya kweli. VAT peke yake ni asilimia 18, na kuna ushuru mwingine juu yake. Kama kuna mbao za rozwudi ya Brazili, ambayo biashara yake inadhibitiwa tangu 1992 na CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini, muuzaji awe na karatasi kabla hajafunga mzigo. Na ampu, yaani kikuza sauti, ya Marekani ya volti 120 usiichomeke kwenye 240 zetu bila transfoma.

Kulifurahia, anza bila ampu. Mpiga gitaa Freddie Green alikaa na bendi ya jazi ya Count Basie tangu 1937 hadi yeye Green alipofariki mwaka 1987, akipiga ridhimu tu, midundo minne kwa kila kipimo cha muziki, bila umeme. Shika kordi ya nyuzi tatu, legeza vidole vya kushoto mara tu baada ya kila mdundo, sauti ikatike. Gitaa hili hutoa sauti haraka na kuizima haraka, na ndiyo raha yake. Hata rumba inalikubali, hasa mahali ambapo ridhimu na solo vinajibizana. Ukija kuchomeka, shusha toni hadi nusu na ukae pembeni, usiipe spika kifua cha gitaa. Likivuma bado, ziba matundu kwa kitambaa. Na ukiitwa kupiga kwenye kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kutambulishana kabla ya ndoa, ya chini ya hema, mawingu yamejaa, nenda na gitaa jingine.