Re: perf inagomea brekipointi ya tano kwa ENOSPC

Umeuliza kwa nini perf (zana ya Linux ya kupima utendaji wa programu) inakataa brekipointi ya tano, yaani mtego wa tano unaowekwa kwenye anwani ya kumbukumbu, kwa kosa la ENOSPC ("hakuna nafasi") ilhali diski ina nafasi tele. Diski haihusiki kabisa. Prosesa za x86 zina rejista (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa) nne tu za anwani za brekipointi, DR0 hadi DR3, na kerneli ya Linux huhesabu nafasi hizo kwa kila sipiyu. Ukiweka `-a` (fuatilia sipiyu zote), kila brekipointi hukalia nafasi moja kwenye sipiyu zote.

Kagua kwanza kama kuna gdb (programu ya kusaka hitilafu) yenye watch hai, yaani amri ya kufuatilia mabadiliko ya kumbukumbu. Nayo hula rejista hizo hizo, na hapa ndipo wengi hukwama. Ifunge, ujaribu tena.

Ukipata EINVAL (kosa la "thamani batili"), hilo ni jambo jingine: urefu wa eneo linalofuatiliwa lazima uwe baiti 1, 2, 4 au 8, na anwani igawanyike kwa urefu huo bila baki. Kwa baiti 8, `mem:0x601040/8:w` (w ni kuandika) inafaa, 0x601044 itakataliwa.