Mnaoanza wodi ya magonjwa ya akili Uingereza, someni hapa kwanza

Kila kundi jipya la wanafunzi linafika limekariri vigezo vya skizofrenia, ugonjwa wa akili unaovuruga fikra, halafu linakwama mlangoni. Wadogo zetu, tunawapenda, lakini makosa ni yaleyale kila mwaka.

1. Wodi iliyofungwa ina milango miwili inayofuatana, na wa pili haufunguki mpaka wa kwanza ufungwe. Usimshikie mtu mlango kwa adabu. Kiberiti, mkasi, mifuko ya plastiki na waya mrefu wa chaja viache kabatini. Kengele ya dharura ijaribu kwanza, kisha ivae kiunoni. Ikiwa ndani ya mkoba haina kazi.

2. Wahi makabidhiano ya zamu ya asubuhi. Andika nani hakulala, nani kakataa dawa, nani anaangaliwa kila baada ya dakika ngapi, na kila mmoja yuko chini ya kifungu gani cha Sheria ya Afya ya Akili ya 1983. Kifungu cha 2 ni tathmini ya hadi siku 28. Cha 5(2) kinampa daktari hadi saa 72 za kumzuia mgonjwa aliyekwisha kulazwa. Ukisema tu "kalazwa kwa nguvu", daktari bingwa atauliza kifungu gani, na hapo ndipo mtu huanza kupekua karatasi.

3. Muulize muuguzi kama mgonjwa anafaa kuzungumza leo. Keti karibu na mlango bila kumzibia njia.

4. Sasa hili ndilo linalotuchosha. Mwanafunzi anachukua historia vizuri kabisa, usingizi, hamu ya kula, utoto, kisha akifika kwenye kujiua anainamia karatasi na kunong'ona: "Na huna mawazo mabaya, sivyo?" Mgonjwa anajibu hana. Kwenye faili inaandikwa "hana mawazo ya kujiua". Jamani! Swali limeshajijibu lenyewe. Mgonjwa kaona unaogopa, kakuhurumia. Na msiseme mnahofia kumpandikizia wazo. Kuuliza hakupandikizi.

Nenda kwa ngazi. Kuna wakati unaona maisha hayana maana? Umetamani ulale usiamke? Umefikiria kujiua? Litamke neno lenyewe, hasa ukiwa ugenini ambako mafumbo yenu hayaeleweki na ya kwao yanakupita. Akikubali, uliza mpango wake, kama ana uwezo wa kuutekeleza, lini, kama aliwahi kujaribu, na nini kinamzuia. Kisha nyamaza. Kimya cha sekunde kumi kitakutesa wewe kuliko yeye. Maneno yake yaandike yalivyo, ndani ya alama za kunukuu.

Kosa pacha ni siri. "Nikwambie kitu, lakini usimwambie mtu." Unaahidi, naye anakwambia ana vidonge kavificha chini ya godoro. Utafanyaje? Ndiyo maana unatangulia kusema mwanzoni kabisa: tutakayozungumza yanabaki ndani ya timu, na la kuhatarisha uhai nitamweleza muuguzi. Ukishasikia la namna hiyo, nenda kwa muuguzi saa hiyohiyo, kwa mdomo. Kuliandika kwenye faili na kwenda kula hakutoshi.

5. Ndugu wa mgonjwa asifanywe mkalimani. Na mkalimani mwenyewe akisikiliza dakika mbili kisha akakurudishia "anasema yuko sawa", mwombe akupe neno kwa neno, hata yasiyo na kichwa wala miguu. Mtiririko wa maneno uliovurugika ndio dalili, akiunyoosha, ameufuta.

6. Anayetumia klozapini, dawa ya skizofrenia, muulize kuhusu choo, kwa kuwa kufunga choo kwa dawa hii kumewahi kuua. Akiikosa zaidi ya saa 48, anaanza upya na miligramu 12.5. Akiacha sigara wodini, kiwango cha dawa kwenye damu hupanda, na plasta ya nikotini haibadilishi kitu, kwani kinachoharakisha uvunjwaji wa dawa kwenye ini ni moshi. Damu ya kupima kiwango cha lithiamu, dawa ya kutuliza mabadiliko makali ya hisia, huchukuliwa zikishapita saa 12 tangu dozi ya mwisho.

7. Kwenye raundi, timu inapopitia wagonjwa, usiseme "haelewi ugonjwa wake" ukaishia hapo. Anakubali kwamba kuna tatizo? Analiita ugonjwa? Anakubali dawa? Wapo wanaokataa kabisa kwamba wanaumwa lakini vidonge wanameza bila ubishi, na hao mpango wao wa kuruhusiwa ni tofauti.