Uanzie wapi na muziki wa dansi wa kielektroniki

Ndugu, umeuliza uanze na nyimbo zipi, za zamani hadi za leo. Anza na mmoja tu: "I Feel Love" wa Donna Summer, wa 1977. Giorgio Moroder na Pete Bellotte waliutengenezea Munich, na karibu ala zote unazozisikia ni sinthesaiza ya Moog, yaani kinanda kinachotoa sauti kwa umeme. Tafadhali usiusikilize kwa spika ya simu, besi itapotea, na besi ndiyo roho yake: inakimbia bila kupumzika huku sauti ya Donna ikielea juu. Urudie mpaka uuzoee.

Kisha pitia "Blue Monday" ya bendi ya Uingereza New Order, 1983, uingie Detroit, mji wa Marekani ilikozaliwa techno, kwa "Strings of Life" ya Derrick May, 1987. Hiyo haina besi, ni piano na nyuzi tu juu ya mapigo, lakini inakuinua kitini. Kwa miaka ya 90, Daft Punk, wale wawili wa Ufaransa, wanatosha.

Na usiisahau singeli, muziki wa kasi wa Tanzania! Albamu "Sounds of Sisso" ya 2017 imetoka Dar es Salaam, na kasi yake mara nyingi inapita mapigo 200 kwa dakika. Isikilize ukiwa umesimama.